Kwa Nasimiyu, Anayekwenda Rasi Kusomea Mvinyo

Kitale, jioni ya kuamkia safari

Nasimiyu binti yangu,

Habari za sweta, za vyeti kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na za kutokubali kubebewa begi na mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kuzimaliza. Sina la kuongeza hapo, na hata ningekuwa nalo nisingethubutu, kwa kuwa begi lenyewe limekuwa likifungwa na kufunguliwa tangu asubuhi, na yeyote anayelikaribia anafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Mimi nimeihamisha redio, nikajitwalia meza ya sebuleni, nikaketi kukuandikia yale yasiyoingia begini. Jua bado halijazama nyuma ya Elgon. Nina furaha inayonifanya niandike haraka kuliko ninavyofikiri, na mwalimu wa kemia wa namna hiyo ni hatari kwa maabara nzima, basi nivumilie.

Binti yangu anakwenda Rasi, kule Afrika Kusini, kusomea utengenezaji wa mvinyo. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione kwenye karatasi kwa mwandiko wangu mwenyewe. Inapendeza.

Najua, hata hivyo, kwamba wewe bado hujaiandika. Jana ulisimama mlangoni na sahani za chakula cha jioni mkononi, ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hutapanda basi ikiwa Kukhu hajakubali. Hukusema ungependa akubali. Ulisema hutapanda. Mimi nikakujibu kwa hotuba kuhusu haki ya mtu mzima kujiamulia, na ulipoona inaelekea kwa wanafalsafa wa Ugiriki ukaenda kuosha vyombo. Sasa, leo mchana sikwenda mjini kutafuta betri, kama mama yako alivyokuambia kwa ombi langu. Nilikwenda Kanduyi, kwa Kukhu mwenyewe, mama yangu. Yaliyotokea huko nitakueleza, ila siwezi kuyaeleza sawasawa bila kukukumbusha kwanza baba yako amekuwa mtu wa namna gani tangu alipofungua kizibo cha kwanza.

Ulipozaliwa nilikuwa na umri ulio nao wewe leo. Ndiyo maana wageni hutudhania kaka na dada, na ndiyo maana shahada yangu ilichelewa hadi ulipokuwa sekondari. Nililivaa joho nikiwa na binti anayenifikia begani, na sijaona sababu ya kuificha fahari ya siku ile. Lakini mvinyo uliitangulia shahada. Wakati wa masomo ya likizo kule Nairobi, mwanafunzi mwenzangu aliyefanya kazi hotelini alinialika kwenye kikao cha kuonja. Kanisani kwetu hata meza ya Bwana ilikuwa na sharubati iliyotiwa maji, kwa hiyo mvinyo kwangu ulikuwa neno la Biblia tu, kama manemane na ngamia. Nilikabidhiwa glasi. Nilitarajia utamu, nikakutana na kitu kikavu, chenye ukakasi wa ndizi mbichi, na nyuma yake, kwa mbali, harufu ya mvua ya kwanza juu ya shamba lililolimwa. Nilisimama pale nikasahau kubishana na mtu. Mama yako atakuambia jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Nilirudi Kitale na kitabu kikuukuu cha mvinyo nilichokiokota kwa muuza vitabu wa kando ya soko, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, nikakisoma hadi nikaanza kuwasahihisha watu ambao hawakuwa wameniuliza. Hapo ndipo tunapoifikia chupa ya sherehe yangu ya kuhitimu.

Unaikumbuka. Ilikuwa nyekundu, ya Ufaransa, nami niliitunza juu ya kabati, chini ya mabati yanayowaka jua la Januari, nikidhani kwamba mvinyo hukomaa popote unapoachwa. Niliifungua mbele ya walimu wenzangu wote. Harufu ilipotoka nilisita kidogo tu, kisha nikawaeleza kwamba ile ilikuwa ardhi ya Ulaya, udongo wa kale, pumzi ya maghala ya chini ya ardhi ambamo mapipa hulala. Walimu walitikisa vichwa kwa heshima. Naibu wa mwalimu mkuu akasema kweli, hata yeye anausikia udongo. Wewe ulikuwa ukipita na sinia ya chapati. Hukuonja, uliinamisha pua tu juu ya glasi yangu, ukasema, "Baba, si hii inanuka gunia limenyeshewa?"

Walicheka, nami nikakufundisha, kwa muda mrefu mno, tofauti kati ya gunia na ardhi. Baadaye sana, katika jarida moja, nilisoma kwamba kizibo huweza kuwa na ugonjwa, na kwamba ugonjwa huo huupa mvinyo harufu ya gunia lililolowa. Nilikuwa nimeisifu maiti mbele ya wageni. Kutokana na aibu ile nimebakiwa na jambo moja la kukupa: ukijiona unatafuta neno zuri la kuifunika harufu mbaya, iweke glasi chini. Mimi nimefanya hivyo na harufu nyingi, na si za mvinyo peke yake.

Ila tangu siku ile nilianza kukuchunguza. Hukujua kwa nini nilikuwa nikikuletea unga wa posho mill mbalimbali, au kwa nini nilikuuliza ng'ombe wa jirani amekula nini. Ulikuwa ukinusa maziwa na kusema, bila kuinua macho kwenye kitabu chako, kwamba leo wamempa majani ya kabichi. Na ilikuwa kweli, nilikwenda kuuliza. Kitabu changu kinasema mvinyo fulani mweupe unanukia tunda ambalo sijawahi kuliona na sitegemei kuliona. Nilipokupa kizibo cha mvinyo huo huo ukasema: majani ya nyanya, na karakara ambayo haijaiva. Nilikimbia nje hadi kwenye mnyanya wa mama yako, nikafikicha jani. Nasimiyu, nilipiga kelele peke yangu pale bustanini. Wapo watu wenye vyeo na majoho ambao wangeuza shamba wapate pua hiyo, na wewe hukuipata kwangu.

Kwa hiyo huko uendako usikubali kunusa matunda ya watu wengine. Wakisema matunda yao, yajifunze, uyajue, ushinde mitihani yao. Kisha sema karakara. Sema majani ya nyanya, sema moshi wa kibuyu cha maziwa ya mursik, sema mahindi mabichi yaliyochomwa. Ulimi wa mtu wa Trans-Nzoia una maktaba yake.

Utakutana pia na mitindo, na juu ya mitindo nina maoni, kama unavyojua. Huu ni wakati wa ajabu. Mwanzoni mwa muongo huu, mtu wa Kitale aliyetaka mvinyo alipata chupa tamu nzito yenye vumbi begani, iliyoshindana na dawa ya kikohozi na kushindwa. Leo supermarket ina rafu nzima, nyingi kutoka huko huko unakokwenda, kila lebo na mnyama wake: ndege, simba, chura. Harusini wanaleta maboksi yenye bomba. Vijana wa ofisini wanautia mvinyo mwekundu barafu, wengine soda. Zamani nilikuwa nikiwakaripia. Sasa nasema waache. Mtu anayeanza na soda amekwisha kuanza. Vifuniko vya kuzungusha nilivicheka kuliko wote, nikiviita vya chupa ya mafuta, hadi nilipoielewa ile maiti yangu iliyouawa na kizibo. Ninachokipinga bado ni ile tabia ya kuupa mvinyo alama kwa mia, kana kwamba umekalia mtihani wa darasa la nane. Na ninapinga mvinyo uliojazwa mbao za pipa mpaka ukatafunika kama mlango. Upinge nawe. Na siku utakapokuwa na maabara yako, tafadhali thibitisha nadharia yangu kwamba mvinyo mweupe mkali ndio unaofaa kwa mboga ya mrenda, kwa sababu mama yako ameninyima nafasi ya kufanya utafiti mezani pake.

Safari zangu unazijua kwa vituko vyake. Ule mvinyo wa ndizi niliouvusha kutoka upande wa Uganda, pale Suam, haukuwa umemaliza kuchacha. Barabara ile ikautikisa, na chupa ikapasuka ndani ya mkoba wenye karatasi za mtihani wa kidato cha tatu. Nilisahihisha maswali ya asidi na besi yakinukia ndizi muhula mzima. Ninachotaka kukueleza zaidi ni Dodoma, maana hapo sijakusimulia kweli yote.

Nilisafiri hadi kule kwa sababu nilisikia kwamba wana mashamba ya mizabibu, na kwamba wanavuna mara mbili kwa mwaka. Ule mzabibu wetu wa nyuma ya nyumba, ambao huotesha majani mengi na ukungu mwingi na zabibu hakuna, ulikuwa umenitesa vya kutosha. Dodoma nilijifunza kosa lake: mzabibu unahitaji kulala. Kwao Ulaya baridi huulaza. Kwetu hakuna wa kuulaza, unakesha mwaka mzima, na ndiyo maana mkulima wa huku lazima aulaze kwa kisu, aukate matawi karibu yote. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja mwenye ghala dogo la mvinyo, ambaye watu walisema ana pipa lisilo na mfano. Aliniambia mvinyo wa kiangazi ni bora kuliko wa masika. Nikamwambia inategemea. Yeye akasema haitegemei. Nikamtajia kitabu. Tulibishana kuhusu sukari na jua hadi kivuli cha ghala kikafika barabarani, na hatimaye akakubali kwamba huenda nina hoja. Kisha akafunga mlango, kwa kuwa alikuwa na mazishi ya kuhudhuria, nami basi langu lilikuwa linaondoka. Nilirudi Kenya nikiwa mshindi. Pipa lile sikulionja. Nyumbani niliwaambia lilikuwa zuri.

Nakuomba uonje kwanza.

Sasa Kanduyi, sikukuu ile ya Krismasi, nyumbani kwa Kuka Wanyonyi, ndugu wa marehemu babu yako. Nilikuwa nimeamua kwamba wazee wa Bungoma wataonja mvinyo kama inavyotakikana. Nilikodi glasi kwa wapishi wa harusi, nikazipanga barazani, nikamimina kila moja kimo cha kidole. Wewe na Kukhu mlikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Kumbuka kwamba hawa ni watu wa chungu kimoja na mirija mirefu, ambao huketi na kunyonya pombe ya busaa mpaka habari zimalizike. Kuka Wanyonyi aliinua glasi, akaitazama dhidi ya mwanga, akaniuliza kama ni sampuli ya kupelekea daktari. Mwingine akasema mwalimu huyu amefundishwa kumimina na kanisa. Wakacheka mpaka kofia zikaanguka.

Nikaendelea kwa ukakamavu. Niliwaonyesha jinsi ya kuzungusha, jinsi ya kunusa, jinsi ya kuuacha mvinyo uzunguke ulimini. Kisha nikaileta ndoo katikati, nikasema kwamba mwonjaji halisi hamezi, hutema.

Kicheko kilikatika. Kuka Wanyonyi aliitazama ndoo, kisha akanitazama mimi.

"Niteme," akasema.

"Ndiyo, Kuka."

"Kwa ndoo."

"Ndiyo."

"Na mtoto ako wapi?"

Sikumwelewa, mimi mwenye shahada. Ilibidi mzee mwingine anieleze kama anayemweleza mgeni: kwao pombe inayoingia kinywani na kutoka tena ina kazi moja tu, ya kupuliziwa kifuani mwa mtu unayemtakia mema. Mwanadamu habariki ndoo. Na wakati huo huo wewe ukatokea njiani, umevaa gauni jeupe la kwaya. Kuka akakuita. Akavuta kinywa kimoja kizima cha mvinyo wangu mwekundu, akakupulizia kifuani, akasema, "Uende. Ufike. Urudi na miguu yako." Ulicheka, wazee wakaitikia, nami nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bungoma, kwa sababu niliona kitabu changu na chungu chao vimekutana mbele ya macho yangu.

Nyuma yako alikuwa Kukhu, na Biblia kwapani.

Jioni alilifua gauni lile mwenyewe, akamkataza kila mtu kugusa beseni. Nilimfuata uani nikamweleza kwa ufasaha kwamba ilikuwa mila, kwamba si ulevi, kwamba hata Wayunani walimimina divai kwa heshima. Yeye alikamua maji mekundu, akamwaga, akateka mengine.

Na barua ya chuo ilipofika, akakataa. Tangu hapo nimemfuata kwa hoja mwaka mzima. Nilimpa harusi ya Kana. Akanipa Nuhu, aliyepanda mzabibu akalala uchi. Nilimpa Paulo akimshauri Timotheo anywe kidogo kwa ajili ya tumbo. Akaniuliza tumbo langu lina shida gani. Nilirudi nyumbani kila mara nikimhesabia mama yako hoja nilizoshinda. Mama yako, ambaye baba yake alihamia huku kutoka Mkoa wa Kati na shoka na bibi arusi, na ambaye hana subira na maneno, aliniuliza wiki iliyopita swali moja: je, nilimwona Kukhu alivyolinusa gauni lile kabla ya kulitia majini?

Sikuwa nimeona. Yeye aliona.

Babu yako, baba yangu, alikufa kwa pombe, kwa chang'aa. Hilo unalijua, kwa namna tunavyolijua wote, kama jambo lililofungwa. Usichokijua, na ambacho mimi mwenyewe nilikiwekea maneno mengi juu yake, ni kwamba nguo zake alizifua mama yangu, miaka yote ile, katika beseni uani. Nami nilikuwa nikimletea Wayunani.

Kwa hiyo leo nilikwenda bila kitabu. Nilimkuta kibarazani anachambua maharagwe. Aliniuliza kama nimekuja na Biblia au na lile jarida langu la mvinyo, nikamwambia sikuja na kitu. Akanisogezea kigoda. Nikachambua naye, vibaya. Alikuwa akizitoa mbovu nilizoziacha, bila kunisema. Tukakaa hivyo. Ilinichoma ulimi, Nasimiyu, kunyamaza kote kule.

Mwishowe akasema, "Nimesikia huko ni kuonja kila siku. Ni kazi."

Nikasema ni kazi.

"Na wanatema."

"Wanatema, Mama."

"Sasa ile siku ataonja asitake kutema. Hiyo siku nani atajua?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na mtaala wa chuo, nilikuwa na walimu wao, nilikuwa na tabia yako njema na malezi yetu na hata kemia ya jinsi ulimi unavyochoka. Yalipanga foleni kinywani yakisukumana. Nikautazama mkono wake juu ya ungo.

"Sijui, Mama," nikasema.

Akatoa punje mbovu kutoka upande wangu wa ungo. "Baba yako pia nilimuuliza hivyo," akasema. "Huyo alikuwa na jibu."

Kisha akainuka, akapeperusha makapi, na akiwa amenipa mgongo akanituma. Nimeyabeba maneno yake kutoka Kanduyi hadi hapa kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kubeba chupa, na nakupa kama nilivyopewa: "Mwambie nakuja kesho na gari ya kwanza, basi isiniache. Tunaenda na yeye mpaka Nairobi. Mimi nitakaa mbele, hiyo nyuma inanitapisha. Mvinyo sijakubali, nasindikiza mtoto. Na hiyo siku ikifika, anipigie simu mimi. Asikupigie wewe, utamsomea."

Nilitaka kupinga hilo la mwisho. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini ana haki, binti yangu, na kwa furaha niliyo nayo sasa siwezi hata kujifanya nimeudhika. Mimi nipigie kunieleza harufu zote, saa yoyote, hata kama ni ghali, hata kama ni kuniambia kwamba nimekosea kuhusu mapipa. Nitabisha na tutafurahi. Ila siku utakapojiona unaushikilia mvinyo kinywani na hutaki kuuachia, mpigie Kukhu. Hatakuuliza maswali mengi. Atajua.

Nitaiweka barua hii juu ya begi, ikiwa mama yako ataniruhusu kulikaribia. Kalale mapema. Gari la kwanza kutoka Bungoma hufika alfajiri, na Kukhu hawezi kuvumilia watu wanaotafuta kiatu cha pili.

Baba yako,
Wekesa